Nani Anaangalia Nyumba Hiyo

Nilifika darasa la tatu tu. Baba akasema mtoto wa kike akishajua kusoma barua inatosha, na mimi nikaona sawa. Kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa hapa. Lakini nimewahi kufundisha madaktari. Nilisimama mbele yao na leso yangu kiunoni, natoa harufu ya omena, dagaa wa ziwani, niliyokuwa nimeianika asubuhi, na wao kwa makoti yao meupe wakaandika nilichosema. Kuna watu wakisikia hivyo wananipongeza. Wasinipongeze. Nilifundisha kwa sababu nilikosea, na kosa langu lina kaburi.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kwisha. Mwanangu wa kwanza alikuwa fundi katika kiwanda cha pamba. Asubuhi moja, akirudi kutoka zamu kwa baiskeli, lori likamgonga pale Nyamasaria. Akaacha mke na mtoto mmoja, msichana wa miaka minne. Tukamzika kwa boma letu, karibu na Otonglo, mbele ya nyumba yake, kama inavyotakiwa.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa maana bila hilo hamtaelewa mengine. Kwetu Wajaluo, mwanamke aliyetolewa ng'ombe haolewi tena mume akifa. Ameshaolewa. Yeye ni mke wa nyumba ile mpaka siku yake. Anatafutiwa mwanamume wa ukoo wa kukaa na nyumba, mara nyingi mdogo wa marehemu, na huyo tunamwita jater. Watoto watakaozaliwa si wa jater. Ni wa marehemu. Wanaitwa kwa jina lake, wanalima shamba lake, na mtu akiwauliza baba yao ni nani wanaonyesha kaburi. Mchungaji wetu alilipigia kelele jambo hilo karibu kila Jumapili, kwa hiyo tuliendelea kulifanya bila kulitangaza. Mwaka wa kwanza wa matanga ulipokwisha, mwanangu wa pili, mdogo wake marehemu, akaanza kuangalia nyumba ya kaka yake. Alikuwa na mke wake na watoto wake wazima upande ule mwingine wa boma. Wazee walikubali. Mimi nilikubali. Sikumuuliza mkwe wangu kama amekubali, maana hata mimi hakuna aliyeniuliza zamani.

Yule msichana alikuwa mgonjwa tangu utotoni. Mikono na miguu ilimvimba akiwa mdogo wa kubebwa, na akikua ikawa ni mifupa. Akishikwa na maumivu alilia hadi sauti inaisha, halafu analia bila sauti. Siku hizi wanaandika selimundu. Sisi tulisema sikoseli, na tulilijua neno hilo kabla ya kujua maana yake, kwa sababu kila boma la pwani ya ziwa lilikuwa na mtoto kama huyo.

Wakati ule alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ya mjini. Watoto wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Mkwe wangu alikaa naye, mimi nilikuja mchana na chakula nikitoka sokoni. Siku hiyo nikamkuta daktari mkuu amezungukwa na madaktari wanafunzi kama wanane. Walikuwa wamemaliza chuo, wameletwa kwetu kufunzwa kazi. Daktari mkuu alikuwa mtu wa mbali, wa milimani, mrefu, mpole, asiye na hata neno moja la Kijaluo. Akanitazama.

"Huyu ndiye nyanya?"

"Ndiye mimi."

"Upande wa baba au wa mama?"

"Wa baba."

Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. "Nyanya wa upande wa baba," akawaambia wanafunzi, "anajua watu wote. Msiulize mama wa mtoto peke yake. Mama ni mgeni katika ukoo huo. Muulizeni huyu." Akaniomba, kwa heshima, niende nao kwenye chumba chao wanapofundishiana, dakika chache tu. Mkwe wangu akabaki na mtoto. Hilo nalo lilikuwa sawa kwetu: hawezi kusimama kusema habari za nyumba mbele ya mama mkwe wake.

Chumba kilikuwa na ubao mweusi na viti vichache. Wengine walikaa dirishani. Walinipa kiti cha mbele. Daktari akachukua chaki akachora mviringo. "Huyu ni wewe, Mama. Wanawake ni mviringo." Akachora mraba kando yangu. "Huyu ni mzee wako." Akavuta msitari katikati yetu, na chini yake akaning'iniza watoto wangu watano, miraba miwili na miviringo mitatu. Nilishangaa. Sijawahi kuona watu wangu wote mahali pamoja hivyo, hata siku ya mazishi. Mwanangu wa kwanza alikuwa mraba. Kidole kimoja kutoka kwake, mdogo wake naye mraba.

"Na huyu mtoto mgonjwa, baba yake ni yupi?"

Nikamwonyesha mraba wa kwanza.

"Yuko wapi? Tungependa kupima damu yake."

"Alikufa."

"Pole sana, Mama." Akaupiga ule mraba msitari wa mshazari, kuanzia pembe hii hadi ile. Wanafunzi wakaandika. Mimi nikahisi ule msitari hapa kifuani.

Kisha akanieleza, na wao wakisikia, kwa Kiswahili kizuri cha polepole. Kwamba kila mtu ana mbegu mbili za damu, moja ya baba, moja ya mama. Kwamba mwanangu alikuwa na moja nzima na moja mbovu, ndiyo maana hakuugua. Mke wake vilevile. Mtoto akapata mbovu mbili, na damu yake inajikunja kama mundu, inaziba njia.

"Unasema mwanangu alikuwa mbovu?" nikamuuliza.

Wanafunzi wakacheka kidogo. Kulikuwa na mmoja wa dirishani aliyekatiwa suruali fupi juu ya kifundo. Nikamwambia, "Wewe wa suruali ya kuvuka mto, cheka baadaye." Wakacheka zaidi, na yeye akaivuta ile suruali chini. Daktari mkuu hakucheka. Akasema, "Hakuwa mbovu, Mama. Alibeba. Na wewe au mzee wako, mmoja wenu alimbebea kwanza."

Hapo ndipo alipouliza. Aligeukia msichana mmoja kati ya wanafunzi, mtoto wa hapa hapa kwetu, anayekijua Kijaluo, akamwambia ahakikishe nimeelewa. "Muulize kama mama wa mtoto ataolewa tena."

Yule msichana akanitazama. Alikuwa amefunga nywele nyuma, ana macho ya mtu aliyelelewa vizuri. Akaniuliza kwa Kijaluo, akitumia neno lile lile la kuolewa. Na mimi nikamjibu kama mtu yeyote wa umri wangu angejibu:

"Aolewe mara ngapi? Si ameshaolewa? Yeye ni mke wa nyumba ile."

Akasita. Nilimwona akisita. Kisha akamgeukia mwalimu wake akasema, "Anasema hapana, hataolewa."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi," akawaambia wanafunzi, "hapa hakuna zaidi. Baba angekuwa hai, ningewaambia wazazi kwamba kila mimba ina hatari ile ile, mmoja kati ya wanne, na kila mtoto atakayezaliwa apimwe mapema. Lakini msitari huu umekwisha." Akapiga chaki yake ubaoni chini ya ule mraba uliopigwa msitari, tok, na kumaliza.

Nilielewa maneno yale kwa njia yangu. Nilielewa kwamba ugonjwa ule ulihitaji mwanangu na mke wake, na kwamba mwanangu amekufa, kwa hiyo umekwisha naye. Sikudanganya. Daktari aliuliza ndoa, nikampa ndoa. Lakini nisijifanye mtakatifu pia. Nilijua kuna mtu katika nyumba ile. Nilijua mkwe wangu ameanza kutapika asubuhi. Ningeweza kusema. Niliwatazama wale watoto wa watu na kalamu zao, nikamfikiria mchungaji, nikasema moyoni, mambo ya boma langu hayachorwi ubaoni.

Mtoto alizaliwa mvulana. Akapewa jina la mwanangu, na uso ukawa wa mwanangu, na mimi nilimbeba nikisahau kuuza. Miezi sita alikuwa mnene, mcheshi, anavuta leso yangu kwa meno mawili. Mwezi wa saba nikaja nyumbani nikitoka soko la Kibuye, nikamkuta mkwe wangu amekaa mlangoni, amemweka mtoto mapajani, ameshika kiganja chake hivi, anakitazama.

"Mama, ona."

Vidole vilikuwa vimevimba, vimekuwa kama ndizi ndogo. Na miguu vilevile.

"Amevilalia," nikasema.

"Mama, dada yake alianza hivi."

"Dada yake alianza hivi kwa sababu ya baba yake. Ugonjwa ule ulizikwa na mume wako. Daktari mwenyewe alipiga msitari mbele yangu."

"Lakini huyu..." akaanza. Hakuweza kumalizia mbele yangu. Angesema nini? Kwamba huyu si wa mume wake? Kwa midomo yetu sote alikuwa wa mume wake. Akasema tu, "Naomba nimpeleke."

Nikakataa. Nataka niliseme hivyo hivyo, bila kulizungusha. Nilikataa. Wanawake wa jirani walisema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa katika nyumba ile, na mimi nikaona hiyo ndiyo njia. Nikaenda kwa mzee wa dawa, nikaleta mizizi, nikachemsha, nikamwogesha. Uvimbe ukashuka wenyewe baada ya siku kadhaa, kama unavyoshuka, na mimi nikatembea bomani kichwa juu. Nikamwambia mkwe wangu, "Umeona?"

Wiki tatu baadaye mtoto akaamka mweupe. Sijui niseme vipi. Mtoto mweusi akawa mweupe, viganja, ndani ya midomo, ndani ya macho. Tumbo lilikuwa limejaa na gumu upande wa kushoto. Hapo mkwe wangu hakuomba ruhusa. Alimfunga mgongoni akaanza kutembea kuelekea barabara ya Busia, na mimi nikamfuata kwa nyuma kama mtoto anayefuata mama yake.

Aliyetupokea ni yule msichana wa Kijaluo. Sasa alikuwa daktari kamili, kazini. Akaweka mkono tumboni mwa mtoto, akaita nesi, akasema damu itafutwe upesi. Akachoma kidole, akaenda mwenyewe kwenye darubini, akarudi. Akamuuliza mkwe wangu, si mimi, na hakuuliza habari za ndoa.

"Nani anaangalia nyumba?"

Mkwe wangu akasema papo hapo, "Shemeji yangu."

Yule daktari akainua macho akanitazama. Ningependa angenifokea.

Damu ya kuongezewa ilikuwa inatafutwa bado mtoto alipokata roho, mchana kweupe, wodi imejaa watu, mwanamke wa kitanda cha pili akimpa mwanawe uji. Daktari mkuu alikuja baadaye. Akanieleza kwamba mwanangu wa pili naye alibeba mbegu ile ile kama kaka yake, na kwamba wangejua mapema, wangemfundisha mama yake kupapasa bandama kila asubuhi, wangempa dawa za kuzuia malaria, angeletwa siku ile ile ilipoanza kuvimba. "Angeishi?" nikauliza. Akasema, "Pengine. Wengine wanaishi. Dada yake anaishi." Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulinikata.

Tulimzika kando ya mwanangu. Aliombewa kama mtoto wa marehemu. Mzee aliyesema kaburini alisema, baba amemwita mwanawe. Watu wakanipa pole mimi, wakampa pole mkwe wangu. Nikamtafuta mwanangu wa pili. Nikamkuta nyuma ya jiko, anapasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba apasue. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

Nikasema, "Pole, mwanangu."

Akaweka shoka chini. "Pole ya nini, Mama? Mimi nimefiwa na nani? Mtoto ni wa kaka. Kampe kaka pole, yuko pale mbele."

Alikuwa mtoto wangu aliye hai, na nilikuwa nimempita mara mbili kumfikia aliyekufa. Akainua shoka tena. Daktari mkuu aliniambia nimwambie aje apimwe damu, yeye na mke wake na watoto wao. Nilimwambia mara tatu. Alinijibu mara tatu kwamba mtu asiye na mtoto aliyekufa hana cha kupimwa.

Miezi ikapita. Siku moja yule daktari msichana akaja sokoni Otonglo, akasimama mbele ya omena zangu bila kununua.

"Dani," akaniita, kama mjukuu anavyomwita bibi yake, "siku ile nilijua. Nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Mama yangu mwenyewe ana jater. Niliona aibu kumweleza mwalimu mbele ya wenzangu. Wangetucheka."

"Hata mimi niliona aibu."

"Mwalimu anakuomba uje. Kuna wanafunzi wapya. Anataka waelewe alikosea wapi."

"Alikosea yeye?"

"Anasema ni yeye."

Nilikwenda, kwa sababu mtu anayejitwika kosa lako unamwendea. Ubao ulikuwa ule ule, wanafunzi wengine. Akanichorea tena mviringo wangu na watoto watano. Akawaambia, "Mimi nilitaka kujua damu, nikauliza ndoa. Mama alinijibu sawasawa swali ambalo sikupaswa kuuliza." Kisha akaniambia niendelee. Nikawaeleza yote, jater na jina na kaburi, na mizizi pia. Nilipofika kwenye mizizi mmoja akanyanyua mkono.

"Kwa hiyo, Mama, ulidanganya ukapoteza mtoto?"

"Kaa chini," daktari mkuu akasema.

"Mwache," nikasema. "Sikudanganya, kijana. Nilinyamaza. Na wewe utakutana na wengi kama mimi, wanakujibu ukweli mtupu na wamenyamaza. Utafanya nini? Utawafokea?"

Akakaa. Daktari mkuu akauliza wanafunzi, basi swali liwe lipi? Mmoja akasema tuulize, baba halisi ni nani. Nikamwambia, "Hapo umeshamtukana marehemu. Nitakuonyesha kaburi." Mwingine akasema, tuulize analala na nani. Wote wakaanza kukohoa. Nikamwambia, "Mwulize mama yako kwanza, ukirudi na meno yako yote uje uniulize mimi." Walicheka sana, hata daktari mkuu, na mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa namwona mtoto anavuta leso kwa meno mawili.

Nikawaambia kwamba huku kwetu mnauliza, nani anaangalia nyumba hiyo? Hilo si tusi. Kila mwanamke wa ziwani atalijibu, hata mbele ya mama mkwe wake. Akishawajibu, mchoreni huyo naye, mvute msitari kutoka kwake hadi kwa mtoto. Uwe wa vitone ukitaka, ili marehemu abaki na msitari wake. Lakini uwepo.

Wakaandika. Nilirudi pale kila walipokuja wapya, miaka kadhaa, hadi magugu yalipoziba ziwa na magoti yangu yakakataa ngazi. Nimesikia wanauliza vile hadi leo.

Lakini siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani nikamkuta mkwe wangu anafua, msichana wake amekaa kivulini na mguu umenyooshwa, mzima wiki hiyo. Nikamwambia, "Leo nimewaeleza madaktari. Yote."

Hakuacha kufua. "Umewaeleza wao," akasema.

Nilisimama pale. Jua lilikuwa kali. Nikajua anachongoja, na nikajua kwamba kwetu mama mkwe hasemi kitu kama hicho kwa mke wa mwanawe, hakuna hata namna ya kukisema.

"Ulitaka kumpeleka," nikasema. "Mimi nilikukataza."

Alikamua gauni la mtoto, akalikung'uta, akalitandaza juu ya ua. Kisha akachukua lingine. "Ndiyo, Mama," akasema. "Ulinikataza."

Halijasemwa tena tangu siku hiyo. Hakuzaliwa mtoto mwingine katika nyumba ile. Mwanangu wa pili aliacha kwenda huko, bila kikao cha wazee na bila ugomvi. Mkwe wangu ananipikia hadi leo, ananiletea maji ya kuoga, ananiita Mama, na kila anaponiita hivyo nasikia lile jibu lake la pale kwenye beseni.